Kutoka Kirumba hadi Dar es Salaam: Umbali na Saa za Safari



Watu wa Kirumba wameizoea ndege. Kiwanja cha ndege cha Mwanza kipo Ilemela, upande wa kaskazini wa mji. Magari yanayokwenda huko hupita Kirumba katika barabara ya Makongoro. Wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni husikia ngurumo, huinua macho, kisha huendelea na kazi yao.

Lakini waulize watu swali hili: "Ndege ile ikienda Dar es Salaam hutumia muda gani?" Utapata majibu mengi. Mmoja atasema saa moja. Mwingine atasema saa moja na nusu. Wa tatu atasema ni siku nzima, maana ndugu yake aliondoka nyumbani asubuhi akafika jioni.

Huenda wote watatu wamesema kweli. Kila mmoja amehesabu kitu tofauti. Wa kwanza amegawanya umbali kwa mwendo wa ndege. Wa pili amesoma tiketi. Wa tatu amehesabu safari yote, kutoka mlango wa nyumba ya Kirumba hadi mlango wa nyumba ya Kariakoo.

Katika somo hili tutajifunza hesabu hizo tatu. Zina faida kubwa. Mtu anayezijua hachelewi hospitali, hachelewi maziko, na samaki wake hawamwozei njiani.

1. UMBALI NI UPI?

Kati ya Mwanza na Dar es Salaam kuna umbali zaidi ya mmoja. Tazama:

Kwa ndege: karibu kilomita 850.
Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro: karibu kilomita 1,150.
Kwa reli ya zamani, kupitia Tabora na Dodoma: karibu kilomita 1,220.

Miji ni ile ile miwili. Kwa nini umbali unatofautiana?

Barabara haiendi moja kwa moja. Huzunguka vilima, hutafuta mahali pazuri pa kuvukia mito, tena hupita katika miji ambako watu wanaishi. Reli nayo hupinda zaidi, kwa sababu garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali. Ndege haina mto wa kuvuka wala mlima wa kuzunguka. Ikishapaa hufuata njia iliyo karibu sana na mstari ulionyooka.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu ziwani. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400, kwa sababu gari lazima lizunguke ziwa. Ndege hukata juu ya maji. Kwake safari hiyo ni karibu kilomita 175 tu.

Wazee wengi bado huhesabu kwa maili. Maili moja ni kilomita 1.6. Kwa hiyo kilomita 850 ni karibu maili 530. Marubani na manahodha wana maili yao nyingine, iitwayo maili ya baharini. Hiyo ni ndefu zaidi, karibu kilomita 1.85. Mtu akikuambia umbali kwa maili, muulize kwanza ni maili ipi.

2. PIMA MWENYEWE KWA UZI

Huhitaji kupanda ndege ili kuujua umbali wake. Unahitaji ramani ya Tanzania, uzi na rula. Mwombe mwalimu wa darasa lako akuonyeshe ramani.

Weka ncha moja ya uzi juu ya Mwanza. Uvute uzi hadi Dar es Salaam, unyooke. Shika mahali uzi ulipofika, kisha uupime kwa rula.

Sasa tazama chini ya ramani. Utaona kipimo cha ramani. Tuseme ramani yako inasema kuwa sentimita 1 ni sawa na kilomita 100. Uzi wako utakuwa na urefu wa karibu sentimita 8 na nusu. Zidisha kwa 100. Utapata kilomita 850. Huo ndio umbali wa ndege.

Baada ya hapo chukua uzi huo huo, uulaze juu ya mstari wa barabara. Ufuate kila pindo, kutoka Shinyanga hadi Morogoro na kuendelea. Utaona kuwa uzi wa kwanza hautoshi. Kipande kilichopungua ndicho mzunguko wa barabara.

3. SAFARI HII ZAMANI

Kabla ya kuhesabu safari ya leo, tukumbuke safari za waliotutangulia.

Zamani mtu wa kanda ya ziwa alikwenda pwani kwa miguu, katika misafara ya pembe na vitambaa. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walisifika kwa kazi hiyo. Tunao mfano ulioandikwa. Msafiri mmoja aitwaye Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa tarehe 17 Novemba 1874. Alifika ziwani tarehe 27 Februari 1875, katika kijiji cha Kageye, ambacho leo kipo wilaya ya Magu. Kwa hesabu yake walitembea karibu maili 720, yaani kilomita 1,160 hivi, kwa siku 103. Gawanya kilomita 1,160 kwa siku 103. Utapata kilomita 11 kwa siku, ukihesabu na siku za kupumzika. Wengi katika msafara ule hawakufika. Walikufa njiani kwa maradhi, njaa na mapigano.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Safari ya miezi mitatu ikawa safari ya siku chache. Pamba ya Usukuma ikaanza kwenda bandarini Dar es Salaam kwa mabehewa.

Ndege nazo zilikuja mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Abiria waliishia Khartoum, nchini Sudani. Barua ndizo zilizoendelea hadi Mwanza. Safari hiyo ilichukua zaidi ya wiki moja, maana ndege za wakati ule zilikwenda polepole, zikatua mara nyingi kujaza mafuta na kulala usiku. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town, Afrika Kusini. Hivyo kwa muda mfupi mji wetu wa Mwanza ulikuwa mwisho wa njia ya barua za ndege kutoka Ulaya.

Baadaye Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na shirika moja la ndege, lililoanza mwaka 1946. Shirika hilo la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo Tanzania iliunda shirika lake, Air Tanzania.

4. MWENDO WA NDEGE

Sasa tufanye hesabu ya kwanza. Kanuni ni hii:

Umbali ukigawanywa kwa mwendo wa saa moja hutoa muda wa safari.

Ndege si za aina moja. Ipo ndege yenye mapanga yanayozunguka mbele ya mabawa. Ipo na ndege ya jeti, isiyo na mapanga ya nje. Ndege ya mapanga ikiwa angani huenda karibu kilomita 500 hadi 600 kwa saa. Ndege ya jeti huenda karibu kilomita 800 kwa saa, au zaidi kidogo.

Jeti: kilomita 850 kugawanya kwa 800 ni saa 1 na dakika 4.
Ndege ya mapanga ya kilomita 600 kwa saa: saa 1 na dakika 25.
Ndege ya mapanga ya kilomita 500 kwa saa: saa 1 na dakika 42.

Hata hivyo, ukitazama tiketi ya jeti utaona muda wa saa moja na robo, au saa moja na nusu. Dakika nyingine zinatoka wapi?

Kwanza, ndege haianzi na mwendo wake wote. Hutembea chini polepole hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Hungoja ruhusa. Hupaa, hupanda juu, na huko ndiko hushika mwendo wake. Ikikaribia kufika hupunguza mwendo na kushuka kidogo kidogo. Ni kama basi linalotoka kituoni na kuingia kituoni.

Pili, upo upepo. Mvuvi wa Kirumba analijua jambo hili kuliko mtu wa ofisini. Mtumbwi ukienda na upepo hufika mapema. Ukipambana na upepo wa mbele huchelewa, hata kama wapiga kasia ni wale wale. Ndege ni hivyo hivyo. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka baharini, ndege itokayo Dar es Salaam husukumwa, na ile itokayo Mwanza huzuiwa kidogo. Ndiyo sababu safari ya kwenda na ya kurudi zinaweza kutofautiana kwa dakika kadhaa.

Tatu, kuna hali ya hewa. Ziwa letu lina mvua za ghafla zenye radi na upepo. Rubani akiona wingu zito kiwanjani anaweza kuzunguka angani, kungoja, au kwenda kutua mji mwingine. Abiria hunung'unika. Lakini tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022. Siku hiyo ndege iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ilianguka ziwani, karibu kabisa na kiwanja, wakati wa hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuwaokoa. Kuchelewa saa mbili si hasara kama hiyo.

5. KUTOKA MLANGO HADI MLANGO

Hesabu ya pili ndiyo inayosahauliwa na wengi. Ndege haikuchukui mlangoni kwako, wala haikushushi mlangoni kwa ndugu yako.

Tuseme mama mmoja wa Kirumba anakwenda Kariakoo. Ndege yake inaondoka saa 7:40 mchana na kufika saa 9:10 alasiri. Safari yake ni hii:

Saa 5:00 asubuhi: anatoka nyumbani.
Saa 5:40: anafika kiwanjani, saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Anaonyesha tiketi na kitambulisho, mizigo inapimwa na kukaguliwa.
Saa 7:40 mchana: ndege inaondoka.
Saa 9:10 alasiri: ndege inafika Dar es Salaam.
Saa 9:40: amekwisha kupata mizigo yake.
Saa 10:40 jioni: anafika Kariakoo, baada ya msongamano wa magari.

Jumla ni saa 5 na dakika 40. Angani amekaa saa moja na nusu tu. Muda mwingine wote ni wa ardhini: kusafiri hadi kiwanjani, kungoja, kukaguliwa, kutafuta gari.

Jambo hili si la ndege peke yake. Wasafiri wa Geita wanalifahamu. Zamani walivuka kutoka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko. Maji yenyewe ni kama kilomita 3. Lakini watu walipanga foleni, wakangoja kivuko kijae, wakangoja kirudi. Mwezi Juni 2025 daraja lilifunguliwa mahali hapo. Maji bado ni yale yale, lakini sasa gari huvuka kwa dakika chache. Umbali haukupungua. Kilichopungua ni kungoja.

Sasa tulinganishe vyombo vitatu vya kwenda Dar es Salaam:

Ndege: karibu saa 6, ukihesabu kutoka mlango hadi mlango.
Basi: saa 16 hadi 20 barabarani, bila kuhesabu kwenda kituoni na kutoka kituoni.
Garimoshi la reli ya zamani: siku moja na nusu hadi karibu siku mbili.

Reli mpya ya treni za umeme inaleta mabadiliko. Mwaka 2024 treni hizo zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulianza mwaka 2021. Hivyo kabla ya kusafiri uliza habari za sasa. Usitegemee ratiba ya mwaka juzi.

6. SAA YA TIKETI NA SAA YETU

Sasa tufikie jambo ambalo limewakosesha watu wengi safari. Mtu ana tiketi mfukoni, nauli amelipa, lakini anafika kiwanjani ndege imekwisha kuondoka. Kosa si la gari lililompeleka. Kosa ni kusoma saa.

Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, kisha huanza tena jua linapotua. Saa ya tiketi huanza kuhesabu katikati ya usiku. Tena haiishii 12, bali huendelea hadi mwisho wa siku. Saa saba ya mchana kwenye tiketi huandikwa 13:00. Saa moja ya jioni huandikwa 19:00.

Ukitaka kuigeuza saa ya tiketi kuwa saa yetu, fuata hatua hizi:

Kama namba ni 07 hadi 18, ondoa 6.
Kama namba ni 19 hadi 23, ondoa 18.
Kama namba ni 00 hadi 06, ongeza 6.

Dakika hazibadiliki.

Mifano:

05:30 ni saa 11 na nusu alfajiri.
06:00 ni saa 12 asubuhi.
09:15 ni saa 3 na robo asubuhi.
13:40 ni saa 7 na dakika 40 mchana.
18:00 ni saa 12 jioni.
20:30 ni saa 2 na nusu usiku.
00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku.

Huo mfano wa mwisho una mtego. Uangalie vizuri. Kwenye tiketi tarehe hubadilika saa 6 ya usiku. Tiketi ikisema "tarehe 15, saa 00:40", maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Wewe lazima uwe kiwanjani usiku wa tarehe 14. Ukingoja tarehe 15 iishe ndipo uondoke, utakuwa umechelewa kwa siku nzima.

Kwa hiyo ukipata tiketi fanya mambo manne. Soma jina lako, uone kama ni sawa na lile la kitambulisho. Soma tarehe. Soma saa ya kuondoka, uigeuze, uiandike kwa saa yetu pembeni. Soma pia saa ya mwisho ya kupokea abiria, maana dirisha hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Kama una mashaka, muulize aliyekuuzia tiketi. Kuuliza si aibu.

7. JUA LA DAR ES SALAAM NA JUA LA MWANZA

Pengine umewahi kusikiliza redio ya Dar es Salaam jioni mwezi wa Ramadhani. Adhana ya magharibi inasikika redioni, lakini ukitazama nje, jua bado linang'aa juu ya ziwa. Mfungaji wa Kirumba hawezi kufuturu kwa adhana ya Dar es Salaam. Lazima angoje jua la kwake.

Sababu ni hii. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24. Wataalamu wameugawa mzunguko huo katika sehemu 360 zinazolingana, ziitwazo digrii. Kila digrii huchukua dakika 4 kulipita jua. Dar es Salaam ipo mashariki ya Mwanza kwa digrii 6 na kidogo. Zidisha 6 kwa 4, uongeze hicho kidogo. Utapata karibu dakika 25. Jua huchomoza na kutua Dar es Salaam kwanza, kisha Mwanza baada ya dakika 25 hivi. Dakika hizo huongezeka au kupungua kidogo kufuatana na miezi.

Lakini saa za ukutani za Dar es Salaam na za Mwanza ni sawa. Tanzania nzima hutumia saa moja, ili ratiba za ndege, treni, shule na redio zisivurugike. Kwa hiyo ukienda Dar es Salaam usiibadilishe saa yako.

Nchi nyingine ni tofauti. Kenya na Uganda zina saa sawa na yetu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Wanunuzi wa dagaa kutoka huko wanapofika Mwaloni husogeza saa zao mbele. Ukiondoka hapa nchini kwenda Kigali saa 4 asubuhi, na safari ikichukua saa moja na nusu, utafika huko saa 4 na nusu kwa saa yao. Safari haikuwa ya nusu saa. Ni saa za nchi zilizotofautiana.

8. NANI NA NINI KIPANDE NDEGE?

Ndege ni ya haraka, lakini si kila safari inaihitaji. Jambo la kujiuliza ni hili: kitu hiki, au jambo hili, linaweza kungoja muda gani?

Dagaa wakavu wanaweza kungoja wiki nyingi wakihifadhiwa pakavu. Ndiyo maana magunia ya Mwaloni husafiri kwa malori hadi nchi za jirani, na hakuna haja ya ndege.

Sato mbichi hawezi kungoja. Bila barafu, katika joto, ataharibika kabla ya siku kwisha. Mtu anayempelekea ndugu yake Dar es Salaam samaki wabichi kwa basi lazima aweke barafu ya kutosha kwa saa 20, siyo ya saa 6. Ahesabu kwanza, ndipo anunue barafu. Minofu ya sangara inayouzwa Ulaya kutoka viwanda vya hapa nayo hufuata hesabu hiyo. Ile iliyopozwa kwa barafu hupelekwa kwa ndege. Ile iliyogandishwa kabisa inaweza kwenda kwa meli.

Na mgonjwa je? Tuseme hospitali imempa mgonjwa rufaa ya kwenda Muhimbili. Anatakiwa Jumatatu saa 2 asubuhi. Akipanda basi Jumapili saa 12 asubuhi, na basi likatumia saa 18, atafika saa 6 usiku. Likitumia saa 20, atafika saa 8 usiku. Bado hajatafuta gari la kumpeleka kwa mwenyeji wake. Likiharibika njiani, miadi itapita. Kwa hiyo mtu wa basi aondoke Jumamosi. Mtu wa ndege anaweza kuondoka Jumapili mchana.

Lakini si kila mgonjwa anafaa kupanda ndege. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni nyepesi, kama hewa ya mlimani. Mtu mwenye shida kubwa ya kupumua, aliyepasuliwa karibuni, au mjamzito aliyekaribia kujifungua, amwulize daktari kabla ya kukata tiketi.

Ukilinganisha gharama, usitazame nauli tu. Andika nauli. Ongeza chakula cha njiani, mahali pa kulala na gari la kutoka kituoni. Ongeza pia siku za kazi zitakazopotea. Mara nyingi basi bado litakuwa rahisi. Mara chache, kama nauli ya ndege imekatwa mapema, tofauti itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani. Usikisie. Chukua karatasi na kalamu uhesabu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndege huenda karibu moja kwa moja. Barabara na reli huzunguka.
Umbali ukigawanywa kwa mwendo hutoa muda wa angani.
Safari ya kweli huanza mlangoni kwako na kuishia mlangoni unakokwenda.
Saa ya tiketi si saa yetu. Igeuze, uiandike.
Baada ya saa 6 ya usiku, tarehe ya tiketi imekwisha kubadilika.

MAZOEZI

1. Tiketi inasema 16:20. Ni saa ngapi kwa saa yetu?
2. Tiketi inasema tarehe 3, saa 00:30. Abiria afike kiwanjani usiku wa tarehe ngapi?
3. Kutoka Mwanza hadi Bukoba angani ni kilomita 175. Ndege ikienda kwa wastani wa kilomita 350 kwa saa, itatumia muda gani?
4. Timu ya Dar es Salaam inacheza katika Uwanja wa CCM Kirumba Jumamosi saa 10 jioni. Mashabiki wake wanakuja kwa basi. Waondoke Dar es Salaam lini, ili wafike bila wasiwasi? Jadilianeni darasani.
5. Andika safari moja uliyowahi kufanya. Ulitumia muda gani kusafiri, na muda gani kungoja?

MAJIBU

1. Saa 10 na dakika 20 jioni.
2. Usiku wa tarehe 2.
3. Nusu saa.
4. Majibu yanaweza kutofautiana, lakini asiyeondoka siku ya Ijumaa amejiweka hatarini kukosa mchezo.
5. Hili ni lako mwenyewe. Msomee jirani yako uliyoyaandika.